Dogo wa miaka 11 anasusa chakula
Dada unayesema dogo wako anasusa chakula, cheki kwanza anakula nini njiani, mihogo ya kukaanga na juisi za pakti akifika home njaa hana tena. Ila kama anaogelea Ziwa Victoria hapa Mwanza, iwe Kirumba au Igombe, mpeleke akapimwe choo, kichocho cha tumbo huku kwetu kipo sana na kinaleta tumbo kuuma, kuchoka na kukosa hamu ya kula, wangu ndo alikutwa nacho. Dawa yake ni prazikwanteli, ile albendazo ya minyoo tunayonunuaga duka la dawa haikiui. Akipungua uzito au choo kina damu usisubiri. Na muulize taratibu mambo ya shule, mtoto akionewa chakula hakishuki.