Mnyama Kazeeka: Nimtengeneze au Nimwache?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na kilio kimoja. Gari la spidi lililonunuliwa kwa mapenzi limelala uani, fundi ametaja bei, na mwenye gari hapati usingizi. Nimechagua chache nizijibu kwa pamoja, kwa sababu zinaongea zenyewe kwa zenyewe.

"Mzee, nina Subaru Impreza WRX ya 2005, gia za mkono. Tangu nirudi kutoka Naivasha wiki mbili zilizopita injini inagonga, na nikikanyaga mafuta inazidi. Fundi wa Kariobangi anataka 380,000 anitilie injini iliyotumika kutoka Japani. Dalali anasema likiwa zima litauzwa 700,000, na hivi lilivyo nitapata 300,000. Nifanyeje?" (Umoja)

Kwanza usiiwashe tena hiyo injini, hata kwa kumsikilizisha rafiki. Inavyoelekea mlio huo unatoka kwenye beringi za koneksheni rodi, ile mikono inayoshika pistoni, na kila dakika inayozunguka inasaga chuma na kukitawanya ndani ya oili. Injini za EJ za Subaru, kama hiyo yako, hazisamehi oili ikipungua, na WRX inayokimbizwa hunywa oili. Watu wetu hutazama geji ya petroli kila asubuhi, ila kijiti cha oili hukiona siku ya sevisi tu. Halafu mtu anapanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Naivasha, tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, imewaka moto, oili iko chini ya alama. Hapo hakuna uchawi.

Sasa tuje kwenye 380,000. Hiyo ni bei ya injini na mkono wa kuifunga. Hajakutajia mkanda wa taimingi, tensheni zake na pampu ya maji, navyo hubadilishwa injini ikiwa bado sakafuni, kwa sababu mkanda wa injini hii ukikatika valvu hugongana na pistoni na unaanza msiba upya. Hajakutajia klachi, na kurudisha klachi kuukuu wakati gia na injini zimekwisha kuachanishwa ni kujilipisha kazi mara mbili. Hajataja kipozea oili. Hicho ndicho huua injini ya pili: vumbi la chuma la injini ya kwanza limejificha humo, nawe unalifungia injini nyingine ulilipe tena. Mimi huongeza thuluthi juu ya bei yoyote ya kwanza ninayoambiwa, na sijawahi kubakiza chenji. Weka 500,000 na ushee.

Yaani utatia nusu milioni ili thamani ipande kwa laki nne. Dalali atakucheka. Lakini dalali hana haja ya kufika kazini kesho. Wewe ukiuza kwa 300,000 na kuongeza hiyo nusu milioni, una 800,000. Zitakununulia Vitz iliyopita mikononi mwa watu watatu, yenye siri usizozijua. WRX yako siri zake unazijua zote, ikiwemo hii mbaya.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wanalijua vizuri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, na umbo hilo la Impreza liliacha kutengenezwa 2007. Piga hesabu: tangu katikati ya miaka ya 2010 mlango umefungwa. Zilizopo ndizo zizo hizo, na kila wiki moja inakatwa spea. Ndiyo maana bei yake imegoma kuanguka.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi wa injini hata shilingi, mwite fundi wa bodi. Nyanyua gari, toa mazulia, tazama matao ya magurudumu ya nyuma na pale shoki zinapofungwa juu. Nairobi haili chuma sana, lakini gari lililoishi Mombasa, au lililotoka sehemu za Japani wanakomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, huja na kutu yake. Tazama pia kama chasi imewahi kunyooshwa. Injini utaipata Kirinyaga Road au Industrial Area. Bodi iliyonyooka ya 2005 huipati dukani. Bodi ikiwa safi, tengeneza. Ikiwa imeliwa au imepinda, chukua hizo 300,000 na umshukuru Mungu.

Ukitengeneza, dai karatasi za injini hiyo. Namba ya injini imo kwenye logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, na ukibadilisha injini lazima NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wajulishwe. Nimeona mtu akikosa mnunuzi miezi sita kwa ajili ya namba moja isiyolingana.

"Fundi, Mazda RX-8 yangu ya 2004 huwaka vizuri asubuhi. Nikifika Westlands nikazima kwa dakika kumi, haiwaki tena mpaka ipoe. Wamebadilisha betri, stata na pampu ya petroli. Gereji moja walipima kompresheni wakasema ni nzuri." (Kileleshwa)

Ndugu yangu, pole. Waliipima kwa kifaa cha injini ya pistoni. Injini yako haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu, na kila rota ina pande tatu zinazobana hewa kwa zamu. Kifaa cha kawaida huonyesha upande ulio bora na kukaa hapo. Pande mbili zikiwa zimekufa, bado utaambiwa gari ni zima. Kuna kifaa cha injini za rota kinachosoma kila upande peke yake. Mtafute mwenye nacho hata kama itakubidi umsubiri.

Ukisomewa namba, kumbuka uko wapi. Kitabu cha Mazda kinataka zisipungue kilopaskali 680 injini ikizungushwa mara 250 kwa dakika. Sisi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa kama sehemu moja kati ya tano, na namba zitashuka vivyo hivyo. Kuna waliong'oa injini nzima kwa kusoma kitabu kana kwamba wako Likoni, kando ya bahari. Kinachosema ukweli popote ulipo ni tofauti kati ya upande na upande: mmoja ukiachwa mbali na wenzake, sili za ncha, zile zinazoziba hewa kwenye pembe za rota, zimekwisha.

Hata hivyo sitakudanganya. Kuwaka asubuhi na kugoma ikiwa moto ndiyo dalili hasa ya injini hiyo kuchoka. Huko Marekani Mazda wenyewe waliongeza dhamana ya injini ya RX-8 hadi miaka 8 au maili 100,000, na kiwanda hakitoi zawadi ya namna hiyo bila sababu. Jaribu koili na plagi, ni kazi ndogo. Zikishindwa, na kama hili ndilo gari lako pekee, uza. Mafundi wanaoweza kuifungua injini hiyo na kuifunga ikafungika ni wa kuhesabu kwa vidole. Kama una gari jingine la kukupeleka kazini, hiyo ni habari tofauti: waweza kuwa mgonjwa kama wenzako wapenda rota, na hilo halina dawa.

"Je, nikitia oili nzito moshi wa bluu upungue, niliuze haraka?" (hakutaja mtaa)

Hata mimi ningekuwa wewe nisingetaja mtaa. Moshi utarudi mnunuzi akipanda Limuru, naye ana namba yako ya simu.

"Mume wangu ana Nissan Fairlady, ile 350Z. Mwaka huu ameitengeneza mara nne, na kila mara ananiapia ndiyo ya mwisho. Tuna watoto wawili na tunaishi Rongai. Ni ya mwisho kweli?" (Mama wawili)

Si ya mwisho, mama. Lakini kabla hujamwekea kikao, mwombe risiti zote nne. Kama ni bushi, breki, tairi na shoki, gari limekuwa likidaiwa kwa muda mrefu na sasa linalipwa. Gari la chini vile kwenye matuta ya Magadi Road lisipokula bushi litakula nini? Mwaka ujao huenda mkapumua. Kama ni ugonjwa mmoja mara nne, tatizo ni fundi, na gari lihamishwe kwa mwingine. Risiti zikikosekana kabisa, hapo una mazungumzo mengine na mumeo yasiyonihusu.

La viti viwili kwa watu wanne, hilo alilijua siku aliponunua.

"Baba alituachia Toyota Celica ya 1988. Imekaa uani Buruburu miaka tisa chini ya turubai. Kaka zangu wanataka iuzwe vyuma chakavu. Mimi nakumbuka akinipeleka shule nayo. Je, nina haki ya kuing'ang'ania?" (Dada wa Buruburu)

Dada, watu wa rika la baba yako hawakuwa na Celica kwa bahati mbaya. Celica ilichukua Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986 mfululizo: Björn Waldegård, Juha Kankkunen, kisha Waldegård tena. Zile zilikuwa za tabo na za umbo la zamani kidogo, ya kwenu siyo hiyo, lakini nadhani baba alipokuwa akiwasha asubuhi hakuwa anaenda kazini tu.

Mwambie yeyote anayekuja na waya za kuchajia betri arudi nazo kwake. Gari lililolala miaka tisa haliwashwi kwa pupa. Petroli iliyomo tangini imegeuka kuwa kama vanishi. Imwagwe yote na tangi lioshwe. Plagi zitolewe, oili kidogo idondoshwe kwenye kila silinda, ikae siku mbili, kisha injini izungushwe kwa mkono, kwa spana, polepole. Ikizunguka, umepata nusu ya jibu lako kwa gharama ya chai. Mpira wa breki wote ni wa kutupa, hosi za maji vivyo hivyo, na tairi hata zikiwa na meno ni mawe. Tazameni waya chini ya dashibodi: panya wa Nairobi wanazijua waya kuliko mafundi.

Kwa upande wa injini una bahati. Nyingi za mwaka ule zina injini ya familia ya 3S, ukoo mmoja na ile iliyokuwa kwenye RAV4 za mwanzo na Caldina, kwa hiyo vitu vingi vya sevisi vinapatikana Ngara bila kuagiza. Shida itakuwa taa, vioo, raba za milango na vitambaa vya ndani. Vitu hivyo hakuna anayevitengeneza tena, kwa hiyo hesabuni leo kilichopo na kilichovunjika.

Ila jambo la kwanza kabisa halimo chini ya boneti. Logibuku bado iko kwa jina la marehemu. Gari hilo ni sehemu ya mirathi. Mpaka mahakama itoe hati ya usimamizi na nyinyi ndugu mkubaliane liende kwa nani, kaka zako hawana haki ya kuliuza na wewe huna haki ya kulitengeneza kwa fedha zako ukidhani ni lako. Nimeona dada kama wewe akitia laki tatu kwenye gari la baba, kisha likagawanywa kama kiwanja. Malizeni karatasi. Ukilipata kwa jina lako, kaka wakalia vyuma chakavu, wewe walipe bei ya vyuma chakavu. Ni ndogo, na inanyamazisha.

"Bima wamekataa kunipa kamili, gari lina miaka 19. Nisitengeneze?" (South B)

Bima ya watu wa tatu ni lazima kisheria na utaipata. Zungukia kampuni nyingine na ripoti ya thamani mkononi, kwani vikomo vya umri hutofautiana. Wote wakikataa, basi jua kwamba kila shilingi unayotia humo iko barabarani bila mwavuli. Matatu moja ikikupunguzia mlango pale Globe na dereva akatoroka, umelipa mwenyewe. Tia tu kiasi ambacho ungeweza kukipoteza bila kumkopa shemeji.

"Toyota MR2 yangu iko gereji mwezi wa saba sasa. Nimelipa 240,000, imefunguliwa yote, na fundi anataka 90,000 zaidi. Nikiacha nimepoteza. Nikiendelea sijui mwisho." (Kasarani)

Hizo 240,000 zisahau kwanza, kwa sababu zimekwenda ukitoa nyingine au usipotoa. Swali lililobaki ni kama 90,000 zitaleta gari linalotembea, na kwa fundi huyu, baada ya miezi saba, mimi naona hazitaleta.

Naongea kama mkosaji. Mwaka 1997, ule ambao Colin McRae alishinda Safari kwa Impreza na kila kijana mjini akataka gari la bluu, nilikuwa na kazi nyingi kuliko mikono. Nilikaa na gari la mteja mmoja miezi mitano. Sikumwibia. Nilichukua pesa yake nikanunulia spea za gari la mwingine, na ya yule mwingine ikafunga la tatu. Kila alipokuja nilimwonyesha kitu kimefunguliwa, aone kazi inaendelea. Gari lililofunguliwa halimtoroki fundi.

Siku moja akaja na daftari na kijana wa bridauni. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye stuli akaanza kuandika kila kipande kilichokuwa sakafuni, akiniuliza jina lake, kilipo kisichoonekana, na kama kilikuwa kimelipiwa. Alipofika ukurasa wa tatu mimi nilikuwa natoka jasho. Akaniomba nitie sahihi chini, akaniambia kesho kutwa atalivuta gari pamoja na kila kilichoandikwa humo, au nimpe tarehe.

Nilimpa tarehe. Gari lilitoka siku ya kumi na moja.