Maswali na Majibu: Antena za Wapima

Simu yangu inanifikisha popote. Kwa nini mpima aliyekuja kiwanjani kwetu alisimika lidude kama uyoga juu ya miguu mitatu? (Goba)

Simu hukosea mita kadhaa. Kwa bodaboda si neno, ila kwenye bikoni ya mpaka ni kesi na jirani. Risiva ya mpima husoma wimbi lenyewe la setelaiti za GPS, lenye urefu wa sentimita 19 hivi kwa L1, mojawapo ya masafa yake, hivyo inahitaji antena isiyolichafua. Ya simu ni kipande kidogo kilichobanwa ndani, kinadaka chochote kinachopita.

Tumefunga antena ya kituo chetu cha kudumu cha vipimo juu ya paa la mabati. Vipimo vinacheza, fundi anasema tununue yenye pete. Tutapona? (Kariakoo)

Nusu nusu. Setelaiti hurusha mawimbi yanayojizungusha kuelekea kulia. Yakigonga bati au kioo, mengi hugeuka kushoto na kuchelewa kidogo. Antena nzuri huyapunguza. Pete za chuma zinazozunguka antena, zenye kina kinachozidi kidogo robo ya wimbi, huyakaba yanayotoka chini na pembeni. Zilibuniwa JPL, maabara ya NASA huko Marekani, miaka ya 1980. Basi bati lenu litatulia. Lakini ghorofa la vioo linalowazidi kimo linawamwagia mawimbi kutoka juu, na huko pete hazifiki. Kabla ya kutoa hela, simameni kwenye antena mtazame pande zote: kama kuna jengo limewainamia, pandisheni nguzo au hamieni paa jingine. Mimi ningeanza na nguzo, ni rahisi kuliko pete.

Mlalo uko sawa, kimo kimepotea sentimita kadhaa. Risiva mbovu? (Kigamboni)

Sidhani. Kagua fomu yako kwanza: kimo cha antena ulikipima wima au mshazari, na hadi alama ipi? Halafu fungua programu uone umechagua antena gani. Kitovu cha kupokelea mawimbi hakionekani kwa macho, na cha L1 si kilekile cha L2, masafa mengine ya setelaiti. Tofauti hizo zimo kwenye majedwali ya IGS, shirika la kimataifa la huduma za vipimo vya setelaiti, kwa kila aina ya antena na kofia yake ya plastiki. Wengi huacha jina lililojitokeza lenyewe.

Data za kituo chetu zinakatikakatika kuanzia saa mbili usiku. Tubadili antena? (Kurasini)

Hapana. Ukanda wetu uko karibu na ikweta, na anga ya juu huvurugika baada ya jua kuzama, hasa karibu na Machi na Septemba. Kazi ya sentimita ifanyeni asubuhi.