Kwa binti yangu, kabla hujaingia kwa hiyo boti ya mbio

Mwanangu,

Meseji yako niliiona usiku, nikaona hii si maneno ya kujibu na sentensi moja. Umeuliza kama ukubali hiyo nafasi timu yako ya Dubai imekupa ya kukaa ndani ya boti msimu huu, ama uendelee kushika spana kwa injini mwaka mwingine. Mimi nasema kubali mama, lakini kwanza ujue ni nani mtakaa naye.

Hizo boti kubwa mnakuwa wawili, mmoja anashika usukani na mwingine anashika troto (ile ya kuongeza na kupunguza mafuta) na trimu (ile ya kuinua na kushusha pua ya boti), hakuna mwenye anamaliza kazi peke yake. Kazi ya troto umeiona hapa kwetu tangu ukiwa mdogo, wale wa kuvusha watu Luanda Kotieno kwenda Mbita upepo wa mchana ukianza, wimbi likiinua boti mkono wa koksweni, yule anayeendesha, unapunguza mafuta kabla propela haijatoka kwa maji, kwa sababu ikitoka na moto wote injini inapiga kelele inazunguka bure, halafu anarudisha polepole boti ikikaa chini. Sasa hiyo kitu huko kwenu inafanywa kwa spidi kubwa zaidi kuliko ya ziwa letu, na mwenye usukani lazima ajue mwenzake atafanya nini kabla hajafanya, maana akikata kona boti ikiwa bado hewani itatua upande. Na zile boti zenye mitumbwi miwili iliyounganishwa pamoja, upepo unaingia katikati unainua pua, pua ikizidi boti inapinduka nyuma.

Hiyo kuelewana haiji kwa siku moja. Kwa hivyo omba mfanye mazoezi na mtu mmoja huyo huyo, boti ndogo kwanza, maji tulivu, halafu mawimbi, na kila mkitoka mkae chini mwambiane ukweli. Kama ni mtu hataki kuambiwa, mama, hapo kataa nafasi.

Nimekuwa nikisoma tangu uniulize. Didier Pironi alikuwa dereva wa Formula One, zile mbio za magari, jina kubwa kabisa, na 1987 alikufa karibu na Isle of Wight huko Uingereza pamoja na wenzake wawili, boti yao iligonga wimbi lililoachwa na meli ya mafuta. 1990 Stefano Casiraghi, bingwa wa dunia wa hizo mbio za boti, boti ilipinduka Monaco akafa, mwenzake akarushwa nje akapona. Hao hawakuwa watoto kwa hiyo kazi. Sikuandikii ili uogope, nataka uone kwa nini sheria zilikazwa baadaye, na kwa nini siku hizi dereva anafungwa mikanda ndani ya chumba kilichofunikwa.

Lakini ukishafungwa hivyo na boti ipinduke, uko kichwa chini ndani ya maji, giza, hujui juu ni wapi. Ndiyo maana kuna ile test ya kupinduliwa kwa bwawa ukiwa umefungwa kwa kiti, unatafuta chupa ya hewa, unajifungua mkanda, unatoka. Ifanye, hata kama wewe ni wa Dunga hapa ziwani na unaogelea kama samaki ngege, na ukipita rudia, mpaka mkono upate kifungo cha mkanda bila kufikiria. Mwenzako naye aifanye ukiangalia.

Halafu uliza maswali yenye wengine wanaona aibu: boti ya uokoaji iko na mzamiaji? Kamba ya kuzima injini nani anaikagua asubuhi? Nani kwa redio anaweza kusema mrudi na mkarudi bila kubishana? Na hizo injini umezifungua wewe mwenyewe, ukisikia mlio umebadilika sema hapo hapo, hata kama mko mbele.

Mama yako anasali, ameniambia niandike hivyo. Nitumie tarehe ya test ya bwawa ukipewa, na wakisema msimu huu hakuna muda wa hiyo test, wewe baki na injini zako mpaka muda upatikane.

Baba yako