Maswali ya Wasomaji: Modeli, Uigaji na Mchezo wa Vita

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfasiri, nipo Dodoma. Nimepewa kabrasha la mafunzo kuhusu matumizi ya kompyuta katika maandalizi ya kijeshi, na humo yamo maneno matatu yanayonisumbua: modeli, simulesheni na mchezo wa vita. Mwenzangu aliyepitia rasimu ameyafuta yote akaweka neno moja, "uigaji". Je, yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako amekosea, na kosa lenyewe si la mtindo wa lugha tu, kwa kuwa maneno hayo yanataja vitu vitatu ambavyo kila kimoja kina kiasi chake cha kuaminiwa.

Modeli ni maelezo ya kitu, yaliyopunguzwa kwa makusudi yakabaki yale tu yanayohitajika kujibu swali fulani, na si lazima yawe ndani ya kompyuta. Mwaka 1916 mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alichapisha milinganyo inayoeleza jinsi vikosi viwili vinavyopungua vikipigana kwa silaha zinazolenga kutoka mbali. Tuseme askari 100 wanapambana na 60, silaha zao zikiwa na ubora sawa. Katika milinganyo hiyo nguvu ya kikosi huhesabiwa kwa kuzidisha idadi ya askari kwa idadi hiyo hiyo. 100 mara 100 ni 10,000. 60 mara 60 ni 3,600. Ukitoa unabaki na 6,400, ambayo kipeuo chake cha pili ni 80. Kwa mujibu wa modeli hii, wale 60 wakiisha wote, upande wa pili utakuwa umebakiwa na watu 80. Humo hamna kilima, hamna hofu, wala hamna askari aliyeishiwa risasi.

Uigaji, au simulesheni kama wengi wanavyosema, ni kuiendesha modeli hiyo hatua kwa hatua katika wakati. Tukikadiria kwamba katika kila hatua askari kumi humwangusha adui mmoja, hatua ya kwanza itawaacha 94 kwa 50, na ya pili 89 kwa takriban 41. Modeli ndiyo ile kanuni. Uigaji ni mwendo wake, na modeli moja inaweza kuendeshwa mara elfu kwa takwimu tofauti.

Mchezo wa vita ni jambo jingine kabisa, kwa sababu ndani yake wamo watu wanaoamua. Mwaka 1824 luteni mmoja wa Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo uliochezwa juu ya ramani, kwa dadu na chini ya mwamuzi, na Jenerali von Müffling, aliyekuwa mkuu wa makao makuu ya jeshi lile, akaupendekeza kwa vikosi vyake. Najua neno "mchezo" huwakwaza wengi, wakidhani linaifanyia vita mzaha. Mimi naona libaki, kwani yeyote aliyewahi kukaa barazani akatazama mafundi wawili wa bao wakihesabu kete kimya kimya anajua kuwa mchezo na mzaha ni vitu viwili. Unapokwama katika tafsiri yako, jiulize: watu wakiondoka mezani, jambo hili litaendelea? Likisimama, huo ni mchezo wa vita.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta, Eldoret. Nimeunda programu inayoiga msafara wa malori ya kikosi cha kulinda amani, na inafanya kazi bila hitilafu. Msimamizi wangu anasema imehakikiwa ila haijathibitishwa. Kuna tofauti gani?

JIBU: Tofauti ni kubwa, na msimamizi wako amekutendea wema kukusimamisha hapo. Uhakiki huuliza kama programu inafanya kile ulichokusudia kifanyike. Uthibitishaji huuliza kama ulichokusudia kinafanana na dunia. Programu yako ikipewa barabara ya kilomita 120 na mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ikajibu saa mbili, imefaulu uhakiki, maana hesabu ni sahihi. Sasa mpelekee jibu hilo dereva aliyewahi kulala njiani wakati wa masika, lori limezama kwenye tope hadi ekseli, akingoja winchi. Yeye hatabishana na hesabu yako; atakuuliza mvua umeiweka wapi. Swali lake ndilo uthibitishaji, na kulijibu kunahitaji kumbukumbu za misafara halisi, si kukaa tena mbele ya skrini.

Lipo neno la tatu ambalo utakutana nalo: ithibati, lile lile tunalolitumia kwa vyuo. Ni uamuzi wa mwenye mamlaka kwamba uigaji huu unafaa kwa kazi hii, na kwa kazi hii tu. Programu iliyopewa ithibati ya kukadiria idadi ya malori haijapata ruhusa ya kufundishia madereva, hata kama malori ni yale yale.

SWALI: Mimi ni askari mstaafu, Tanga. Mazoezi ya kivita sisi tuliyaita luteka. Siku hizi nasikia "uigaji wa uwandani". Je, neno letu limekufa?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Halijafa, ila limebaki na eneo lake. Wataalamu hugawa uigaji katika aina tatu. Katika uigaji wa uwandani watu ni halisi na zana ni halisi, ila madhara ya silaha ndiyo yanayoigwa, kwa mfano kwa mwali wa leza badala ya risasi. Hapo "luteka" linakaa vizuri. Katika uigaji pepe mtu ni halisi, lakini kifaru anachokiendesha ni cha kuigwa na kompyuta, kama katika SIMNET, mradi wa kufundishia askari wa vifaru ulioanza Marekani mwaka 1983. Katika aina ya tatu hata askari ni wa kompyuta, na binadamu hutoa amri tu. Zoezi la Ushirikiano Imara la majeshi ya Afrika Mashariki limewahi kufanyika uwandani, na pia limewahi kufanyika kama zoezi la makao ya kamandi, ambapo maofisa huketi na ramani na taarifa bila vikosi kutoka kambini. La kwanza ningeliita luteka bila kusita. Hilo la pili ningeliita zoezi.