Dharura ya Canada na swali la hapa kwetu

Sheikh wangu, umeuliza kama Rais wa Zanzibar anaweza kuzima maandamano kwa amri ya dharura, kama walivyofanyiwa madereva wa malori waliopinga masharti ya korona kule Canada. Hawezi. Ibara ya 32 ya Katiba ya Muungano inampa Rais wa Jamhuri mamlaka ya kutangaza hali ya hatari, hata ikiwa ni kwa Unguja na Pemba tu. Na Bunge lazima liitishwe ndani ya siku 14, theluthi mbili ya wabunge wote waikubali.

Canada walitangaza dharura tarehe 14 Februari 2022, wakaiondoa tarehe 23. Akaunti za benki za baadhi ya waandamanaji zilizuiwa. Januari 2024 jaji wa Mahakama ya Shirikisho akasema serikali haikuwa na sababu za kutosha kuitangaza.

Mimi khasa kinachonitisha si ibara hiyo. Januari 2001 Unguja na Pemba hapakutangazwa hali ya hatari yoyote. Maandamano yalipigwa marufuku kwa mamlaka ya kawaida tu, risasi zikapigwa, watu zaidi ya 30 wakafa, wengine wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Marufuku ya namna hiyo haina siku 14 wala kura ya Bunge, na polisi ni jambo la Muungano. Basi wabunge wetu waulizwe hilo kwanza.