Dakika 20 za magharibi: namna ya kupiga sini ya wavuvi wa dagaa Kigoma

Karibu kila skripti inayogusa Ziwa Tanganyika ina sini hii: mitumbwi usiku, karabai zinawaka, sura za wavuvi zinang'aa upande mmoja. Kwenye karatasi ni mistari miwili. Ukienda kuipiga saa 4 usiku, unarudi na picha nyeusi yenye madoa meupe. Mbingu haionekani, maji hayaonekani, milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa haipo, na mtazamaji hana namna ya kujua kama mtumbwi uko ziwani au umeegeshwa uani kwa mtu. Sini hii ya usiku hupigwa magharibi, jua likishazama na giza halijafunga.

Kigoma jua linazama karibu na saa 1 jioni, na mwaka mzima muda huo husogea mbele au nyuma kwa dakika kama 15 tu. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo giza linaingia haraka. Baada ya jua kuzama, mwanga wa mbingu hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 3 hivi. Dakika 8 za mwanzo mbingu bado ina mwanga mno, haidanganyi mtu kuwa ni usiku. Baada ya dakika 20 imekwisha. Katikati hapo ndipo picha ilipo, na ndiyo maana mwongozaji na mpiga picha wanatakiwa kumaliza mabishano yao yote mchana.

Wanaoogopa kupanga kwa ukali namna hii, wakidhani kunaua usanii, wawaangalie waliofanya makubwa. Kwa filamu ya vita iitwayo 1917, iliyotoka mwaka 2019, mwongozaji Sam Mendes na mpiga picha Roger Deakins walifanya mazoezi na waigizaji kwa miezi kabla ya kupiga, ili urefu wa mahandaki ulingane na urefu wa maneno na hatua za waigizaji. Kwa filamu ya Barry Lyndon ya mwaka 1975, mwongozaji Stanley Kubrick na mpiga picha John Alcott walipiga sini za mishumaa kwa lenzi za Zeiss za f/0.7 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi limefunguka zaidi) zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, shirika la anga la Marekani. Lenzi iliyofunguka kiasi hicho huweka sehemu nyembamba mno kwenye fokasi, kwa hiyo mwigizaji akisogea kidogo tu, uso unapotea. Uamuzi wa lenzi ukageuka kuwa uamuzi wa namna waigizaji wanavyokaa. Mwongozaji asiyejua mpiga picha wake anafungua tundu la lenzi kiasi gani hajui waigizaji wake wana uhuru wa kusogea kiasi gani.

Turudi ziwani. Anzeni kwa mwezi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa wengi hupumzika. Siku hizo za mapumziko ndizo zenu: vyombo vipo, wavuvi wenyewe wapo, na mwenye chombo hapotezi usiku wa kazi kwa sababu yenu. Mwezi mpevu huchomoza mashariki wakati jua linazama magharibi, kwa hiyo kamera ikitazama Kongo, yaani magharibi, mwezi uko mgongoni na hauonekani. Ila msigeuze kamera upande wa mji. Mvuvi yeyote akiona mbalamwezi nyuma ya mtu anayevua kwa taa, atajua aliyetengeneza filamu hakuuliza. Ulizeni pia ofisi ya uvuvi kuhusu tarehe, kwa sababu ziwa hufungwa kwa muda ili samaki wazaliane, kama mwaka 2024 kati ya Mei na Agosti. Kwenye mwalo (ufukwe wanapoegesha wavuvi), iwe Kibirizi au Katonga, waendeeni kwanza wazee na viongozi wa mwalo, kabla kamera haijatoka kwenye begi.

Sasa taa, maana hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mpango wa kawaida ni huu: kamera fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 800, lenzi f/4, na joto la rangi Kelvin 4000, ili taa ibaki na wekundu wake na mbingu iende kwenye buluu. Dakika 3 zikipita mbingu imefifia, mpiga picha anafungua hadi f/2.8. Baadaye f/2. Kisha anapandisha ISO hadi 1600. Mbingu inabaki ilivyokuwa, vizuri kabisa, lakini karabai haijapungua hata kidogo, kwa hiyo kila anapofungua, uso wa mwigizaji unang'aa maradufu. Shoti ya kwanza na ya tano ukiziunganisha, mtu huyohuyo anaonekana kama amebadilishiwa taa.

Dawa yake ni taa inayopunguzika. Toeni moto kwenye karabai, wekeni ndani ya kioo chake bulbu ya LED ya betri ya volti 12, wati 9 inatosha, yenye swichi ya kupunguza mwanga. Hiyo ni ya kuonekana tu. Uso unaangazwa na paneli ndogo ya LED ya wati 30 hivi, iliyowekwa Kelvin 3200, iliyofichwa chini ya ukingo wa mtumbwi upande uleule wa karabai, mita 1 kutoka kwa mwigizaji. Kila mpiga picha anapofungua lenzi kwa hatua moja (yaani mwanga mara mbili), au kupandisha ISO mara mbili, msaidizi anashusha taa zote mbili kwa nusu: 100, 50, 25, 12. Fanyeni zoezi hili nchi kavu mpaka msaidizi afanye bila kuambiwa. Uso wa ngozi nyeusi uwekeni hatua 1 chini ya kijivu cha kati (kipimo cha mwanga kilicho katikati ya nyeusi na nyeupe). Mkiupandisha zaidi ya hapo, usiku unapotea.

LED za bei nafuu zikipunguzwa mwanga hupepesa, na jicho halioni ila kamera inaona mistari. Zijaribuni kwa kila kiwango cha mwanga, na inayopepesa iachwe nyumbani.

Kuna faida nyingine kubwa ya kuondoa moto. Karabai huunguruma mfululizo, na mlio huo ukiingia kwenye maikrofoni pamoja na maneno ya mwigizaji, hautoki tena. Rekodini mlio wa karabai halisi peke yake kwa dakika 2, mtauweka chini ya sauti wakati wa kuhariri.

Mtumbwi wa kamera ufungwe kwa kamba ya mita 6 hivi kwenye mtumbwi wa waigizaji, injini izimwe, nanga ishuke. Stendi haina kazi humo. Mpiga picha akae chini, kamera juu ya mfuko wa mchanga, lenzi ya milimita 24 hadi 35, kwa sababu lenzi ndefu hukuza kila mtikisiko. Makoti ya kuokolea kwa kila mtu, na waigizaji wayavue pale tu shoti inapoanza, mtumbwi wa uokoaji ukiwa karibu nje ya fremu.

Mpangilio wa shoti usibadilishwe kwa hamu ya mtu. Kwanza shoti pana zinazotazama magharibi, kwa kuwa ndizo zinazohitaji mbingu. Za kati zifuate. Za karibu kabisa, uso na mikono kwenye wavu, zinaweza kupigwa hata giza likishafunga. Kwa jioni moja tegemeeni shoti pana 2, au 3 mkibahatika. Kwa sini yenye shoti 8 tengeni jioni 3, na bajeti iseme hivyo tangu mwanzo. Kiangazi moshi wa moto wa nyika huweza kulimeza jua kabla halijafika mlimani, kwa hiyo saa yenu ianze kwa mbingu mnayoiona, msitegemee jedwali la kwenye simu.

Kibali cha Bodi ya Filamu kitangulie yote haya, na kama kuna droni, cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, pia.

Mkirudi, picha za 4K za megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Zinakiliwe kwenye diski 2 usiku huohuo, kompyuta ikiwa na betri iliyojaa, maana umeme ukikatika katikati ya kunakili faili huharibika. Jioni inayofuata, kabla ya kuingia mtumbwini, fungueni shoti ya mwisho ya jana: angalieni karabai ilikuwa upande gani, shati lilikuwa limelowa mpaka wapi, na mbingu ilikuwa na buluu ya kiasi gani.