Windows ikigomea njiani: tunajibu barua zenu

Tangu Microsoft iache kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, barua za wanaopiga Windows upya majumbani zimezidi. Nyingi zinafanana: mtu amejaribu mara kadhaa kwa njia ileile, kila mara inagoma, na mwisho anaambiwa anunue kifaa kipya. Tumechagua tano. Ukituandikia, tafadhali tutajie hatua ambayo kompyuta ilisimamia na namba ya kosa kama ilivyo kwenye skrini. Hivyo viwili ndivyo vinavyotuonyesha pa kuanzia.

Habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani niliyoinunua Kariakoo ikiwa imetumika: Core i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 4 (vipande viwili vya GB 2), diski ya GB 500. Napiga Windows 10 kwa flashi ya GB 64. Inaanza vizuri, ikifika kwenye kunakili faili inasimama na kosa 0x8007025D. Mara ya kwanza ilisimama asilimia 18, mara ya pili 61, mara ya tatu 34. Fundi ananiambia diski imekufa, ninunue nyingine. Ninunue? – Msomaji, Tabata

Usinunue kwanza. Kosa hilo linasema kwamba data iliyofika haikuwa katika umbo linalotakiwa. Halisemi imeharibikia wapi. Faili kubwa la Windows limebanwa ndani ya flashi. Linasomwa, linafunguliwa ndani ya RAM, ndipo linaandikwa kwenye diski. Biti moja ikigeuka popote katika safari hiyo, kipande kizima hakifunguki na kazi inasimama.

Jambo la maana kuliko yote katika barua yako ni zile asilimia tatu. Faili likiwa bovu, au flashi ikiwa na sehemu mbovu, kwa kawaida kompyuta hugoma palepale kila mara. Yako inagoma 18, halafu 61, halafu 34. Kosa linalohamahama namna hiyo mara nyingi linatoka kwenye RAM, kwenye tundu la USB au kwenye umeme. Anza na RAM, maana kuipima hakuna gharama.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Shika bati la kasha kwanza, ndipo uguse ndani. Toa vipande vyote viwili vya RAM. Angalia meno yake ya rangi ya dhahabu kwenye mwanga: hewa ya pwani yetu ina unyevu na chumvi, na kompyuta iliyokaa miaka hupata utando mwembamba wa rangi ya kahawia juu ya meno hayo. Yasugue taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, upande wa mbele na wa nyuma, kisha pangusa mabaki yote kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowa spiriti ya isopropili. Usiitumie ile ya kusafishia vidonda ikiwa ina maji mengi. Ondoa vumbi kwenye tundu la RAM kwa brashi laini au kopo la hewa, wala usiingize kifutio humo. Rudisha kipande kimoja tu, kibane mpaka vishikio vya pembeni vijifunge vyenyewe.

Sasa andika MemTest86+ kwenye flashi ndogo (ni programu ya bure) na uiwashe kompyuta kutoka humo. Iache imalize mzunguko mzima, hata kama inachukua muda. Ukiona hata mstari mmoja mwekundu wa kosa, kipande hicho hakifai. Hakuna kiwango cha makosa kinachovumilika kwenye RAM. Kisha pima cha pili peke yake, katika tundu lilelile. Vyote viwili vikileta makosa, hamia tundu jingine kabla ya kuvilaumu, maana huenda tundu ndilo bovu. Kompyuta ya kizazi chako inatumia RAM ya aina ya DDR3, kwa hiyo ukienda dukani usikubali DDR4 hata ikiwa bei nafuu, kwani haiingii. Wenye laptop ya kizazi hicho watafute DDR3L, ile yenye herufi L mwishoni, inayotumia volti 1.35.

RAM ikiwa nzima, geukia flashi. Chomeka kwenye tundu la nyuma, lililoungwa moja kwa moja na ubaomama (motherboard). Matundu ya mbele yanapitia waya mwembamba ndani ya kasha, na katika kompyuta zilizotumika waya huo mara nyingi umelegea. Halafu hiyo GB 64 ihakikishe. Zipo flashi sokoni zenye chipu ndogo iliyodanganywa ijitambulishe kuwa kubwa. Hupokea kila unachoweka, lakini kinachozidi ukubwa wake wa kweli hupotea au hukanyaga kilichotangulia. Kwenye kompyuta nzima, hamisha vilivyomo, kisha tumia programu ya H2testw: itaijaza flashi yote na kuisoma upya, na mwisho itakuambia GB ngapi ni za kweli. Kwa kazi hii flashi halisi ya GB 8 inatosha kabisa.

Faili la ISO, yaani lile faili moja lenye Windows nzima uliloandika kwenye flashi, nalo lihakiki, hasa kama ulilichukua kwa mtu badala ya kulishusha Microsoft. Fungua kisanduku cha amri (Command Prompt) na uandike certutil -hashfile, nafasi, jina la faili na mahali lilipo, nafasi, kisha SHA256. Utapata mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa Microsoft kwa toleo na lugha ileile. Herufi moja ikitofautiana, lifute.

Diski ndiyo ya mwisho, na hata hiyo usiihukumu kwa kukisia. Andika Linux Mint (mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows) kwenye flashi, iwashe bila kusakinisha, ufungue programu ya diski na usome taarifa za SMART, yaani kumbukumbu ambayo diski inajiwekea kuhusu afya yake. Angalia mistari mitatu. Namba 5 inahesabu sehemu zilizokufa ambazo diski imezihamisha. Namba 197 inahesabu zile zinazoshindwa kusomeka sasa. Ya 197 ikiwa juu ya sifuri na inapanda, fundi wako yuko sahihi: okoa mafaili yako leo, kisha ununue. Lakini ikiwa inayopanda ni 199 peke yake, tatizo ni mawasiliano kati ya diski na ubaomama, na dawa yake ya kwanza ni kubadilisha waya wa SATA, ule unaopitisha data kati yao. Hesabu ya 199 hairudi nyuma, kwa hiyo iandike pembeni, badilisha waya, kisha uone kama inaongezeka.

Tuseme na hili waziwazi. Prosesa yako haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, ambayo kwa Intel inaanzia karibu yote kizazi cha nane, na mashine ya umri huo kwa kawaida haina TPM 2.0, kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inakidai. Njia za kulazimisha zipo, ila kwa RAM ya GB 4 hatukushauri. Weka SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya SATA, fikisha RAM GB 8, na kama kazi zako ni intaneti, barua na video, Linux Mint ya Xfce itakuhudumia vizuri zaidi na itaendelea kupata masasisho ya usalama.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi. Laptop yangu ina Core i5 ya kizazi cha 11 na SSD ya NVMe. Nikifika pale pa kuchagua diski, orodha ni tupu kabisa. Lakini Windows ya zamani bado inawaka vizuri! Inawezekanaje? – Msomaji, Sinza

Marahaba. Diski yako ni nzima, ndiyo maana Windows ya zamani inawaka. Laptop nyingi za Intel kuanzia kizazi hicho hupitisha SSD kwenye mfumo uitwao VMD, na flashi yako haina draiva ya kuongea nao.

Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptop, tafuta modeli yako hasa, ushushe draiva ya Intel Rapid Storage. Wengi hukosea hapa: huweka faili la .exe kama lilivyo kwenye flashi, na kisakinishi hakilioni. Lazima ulifungue kwanza mpaka uone mafaili yenye mwisho wa .inf, .sys na .cat, kisha unakili folda hiyo nzima kwenye flashi. Kwenye ule ukurasa mtupu bonyeza kitufe cha kupakia draiva, ielekeze kwenye folda hiyo, chagua jina lenye VMD, na diski itajitokeza.

Unaweza pia kuzima VMD kwenye BIOS, mipangilio ya ubaomama inayofunguka kabla ya Windows kuwaka. Jua tu kwamba Windows ya zamani iliyosakinishwa VMD ikiwa imewashwa huenda isiwake tena mpaka uirudishe. Na kabla hujagusa BIOS, angalia kama BitLocker, kufuli la Windows linalofunga data ya diski, imewashwa. Ikiwa imewashwa, badiliko dogo tu linaweza kukufanya uombwe ufunguo wa tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, unakili ufunguo huo kwenye karatasi. Bila huo, kazi zako za chuo zilizomo humo hazifunguki, na hakuna fundi atakayezifungua.

Naambiwa diski ina jedwali la MBR na kwamba kwenye mfumo wa EFI Windows inakubali GPT tu. Rafiki kanitumia amri ya clean. Niiandike? – Msomaji, Kimara

MBR na GPT ni namna mbili, ya zamani na ya kisasa, za kuandika mgawanyo wa diski. Je, kuna kitu unachokihitaji kwenye hiyo diski? Kama kipo, usiandike. Amri ya clean haiulizi mara mbili: inafuta mpangilio wa patisheni (vigawanyo) zote za diski nzima, pamoja na ile ya D ulikohifadhi picha.

Kama Windows iliyopo bado ni nzima na unataka kuibakiza, tumia mbr2gpt. Washa kwa flashi ya Windows, bonyeza Shift+F10, andika mbr2gpt /validate /disk:0 kwanza (0 ni namba ya diski; ikiwa yako ni nyingine, weka hiyo). Ikikubali, rudia ukiweka /convert badala ya /validate. Itakataa ukiwa na patisheni kuu zaidi ya tatu. Ikishabadilisha, BIOS nayo uihamishie UEFI (namna ya kisasa ya kuwaka, ndiyo hiyo EFI; ya zamani huitwa Legacy), la sivyo haitawaka.

Kama diski haina cha kupoteza: Shift+F10, diskpart (programu ya kupanga diski), kisha list disk. Tulia hapo usome ukubwa. Flashi nayo imo kwenye orodha hiyo, na wakati mwingine ndiyo Disk 0. Yenye GB 465 ndiyo ile inayouzwa kama GB 500; yenye GB 14 ni flashi ya GB 16. Andika select disk na namba sahihi, halafu clean, halafu convert gpt, halafu exit. Rudi nyuma ukurasa mmoja, bonyeza sehemu tupu, endelea. Usitengeneze patisheni kwa mkono. Kisakinishi kitazitengeneza chenyewe.

Inafika mwisho, inajizima na kuwaka, halafu inaanza tena kuniuliza lugha. Nimerudia mpaka usiku. Nikiangalia, saa yake inasema mwaka 2012. – Msomaji, Kigamboni

Ndugu yetu, usakinishaji wako pengine ulifaulu tangu mara ya kwanza. Kompyuta ikijizima na kuwaka inarudi kwenye flashi kwa sababu flashi ndiyo ya kwanza kwenye mpangilio wa kuwaka. Chomoa flashi skrini inapozimika mara ya kwanza, baada ya kunakili kumalizika. Usibadilishe mpangilio wa kudumu: tumia menyu ya mara moja, F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, F9 kwenye HP.

Hiyo saa inaonyesha betri ya ubaomama imekwisha. Ni CR2032 ya volti 3, ile ya duara kama sarafu. Ikiisha, kila umeme unapokatika BIOS inasahau mipangilio yake na kurudi ya kiwandani, na katika mashine za zamani hiyo inaweza kuwa Legacy badala ya UEFI. Ndipo Windows uliyoipiga vizuri jana inakataa kuwaka leo. Badilisha betri kwanza, rekebisha tarehe, hakikisha imeandikwa UEFI, kisha washa bila flashi.

Windows 11 imeingia, ila inataka mtandao na haioni Wi-Fi yoyote. Kitufe cha kuendelea hakibonyezeki. – Msomaji, Mbezi

Draiva ya Wi-Fi haimo kwenye flashi. Chukua simu ya Android yenye bando, iunge kwa waya wa USB unaopitisha data (waya wa kuchajia tu haufai), kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Kompyuta itaiona simu kama waya wa mtandao na utaendelea.

Angalia bando lako, kwani Windows itaanza kushusha masasisho papo hapo, na yanaweza kufika GB kadhaa. Ukishaingia, shusha draiva ya Wi-Fi peke yake, kisha kwenye mipangilio ya mtandao iweke simu kuwa muunganisho wenye kipimo. Masasisho mengi yatasubiri mpaka upate mtandao usiohesabiwa.